Fanksheni ya ndani inayoamua ulipe ngapi, nani aliipima?

Umekaa kwenye steji ya boda pale Isiolo mjini ukingoja abiria, au uko zako Roysambu, haijalishi. Unabonyeza *147# ujisajili kwa SHA. Huna mshahara wa kila mwezi, kwa hivyo unaulizwa maswali. Nyumba ina paa gani, ukuta umejengwa kwa nini, mnapikia nini, choo ni cha aina gani, mko wangapi nyumbani. Unajibu yote. Mwishowe unaambiwa kiasi chako cha mwaka.

Sasa hebu nikuulize, hicho kiasi kimetoka wapi?

Si afisa aliyekaa akakuangalia usoni. Kati ya jibu lako kuhusu choo na ile shilingi ya mwisho kuna hesabu iliyoandikwa na mtu kwenye kompyuta. Waandishi wa programu huiita fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachopokea kitu, kinakifanyia kazi, kisha kinarudisha jibu. Programu moja inaweza kuwa na maelfu ya vipande kama hivyo. Vichache ni vya nje, vinapokea maombi ya watu na vina maelezo ya jinsi ya kuvitumia. Vingi ni vya ndani, na mara nyingi havina maelezo hata ya mstari mmoja. Fikiria hoteli. Menyu unaiona ukutani na bei yake, lakini jikoni huingii.

Kuna ubishi wa miaka mingi kati ya waandishi wa programu: je, hizo fanksheni za ndani zisizo na maelezo ziandikiwe majaribio yake, au inatosha kupima za nje pekee? Najua unasoma ukijiambia hayo ni mambo ya wasee wa laptopu. Nami nilidhani hivyo hadi ubishi huo uliponigusa mfukoni, au tuseme uligusa mfuko wa watu wengine kwa mkono wangu. Siku hizi, ukiangalia jinsi serikali inavyotoza na kugawa kwa kutumia mashine, naona umekuwa swali la kila Mkenya.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe.

Isiolo, kama hujui, ni mji wa maziwa ya ngamia. Wafugaji huyakamua maboma yakiwa mbali, akina mama wanayakusanya mjini, kisha mitungi inapakiwa kwenye mabasi kuelekea Nairobi, safari ya karibu kilomita 280, na soko kubwa liko Eastleigh. Kuna kikundi kimoja cha akina mama hao kilichokuwa na programu ndogo ya kurekodi lita na malipo. Aliyeiandika alishahama mji. Nikapewa mimi niitunze na kuongeza ripoti ya mwezi.

Ndani yake palikuwa na fanksheni inayoitwa _punguza. Ile alama ya kistari cha chini mwanzoni mwa jina, kwenye lugha ya Python, ni ishara wanayopeana waandishi: hii ni ya ndani, usiiguse ukiwa nje. Haikuwa na maelezo yoyote. Niliisoma haraka nikaona inaondoa desimali kwenye lita, nikasema sawa, wamekubaliana kulipana kwa lita kamili. Programu ilikuwa na jaribio moja la nje: mtu mmoja, mtungi mmoja, lita 20, bei Sh100, jibu Sh2,000. Likapita. Nikaendelea na ripoti yangu.

Wiki ya tatu mama mmoja akanishika mkono sokoni. "Kijana wangu, mbona simu inasema lita 46 na mimi nimepeleka 48?"

Nikamjibu jibu ambalo bado linaniaibisha. "Mama, mfumo ndio umehesabu."

Alikuwa na mitungi mitatu. Ya kwanza lita 18.7, ya pili 19.6, ya tatu 9.8. Jumla ni 48.1. Makubaliano yao yalikuwa kujumlisha kwanza, kisha kuondoa desimali mwishoni, upate 48. Ile _punguza ilikuwa inaondoa desimali mtungi kwa mtungi: 18, 19 na 9. Hiyo ni 46. Sh200 zilipotea siku hiyo kwa mtu mmoja, na hakuna aliyeziiba kwa makusudi. Zilibaki tu kwenye hesabu ya kikundi zikionekana kama faida. Na angalia mtego wenyewe ulivyokaa. Jaribio la nje lilipita kila siku kwa sababu lilitumia mtungi mmoja wenye lita kamili. Ungeweza kuliendesha mara elfu moja na lingekuambia kila kitu kiko sawa.

Turudi kwa ubishi wa waandishi. Kambi ya kwanza inasema usipime fanksheni za ndani. Sababu yao si uvivu. Wanasema sehemu za ndani ziko pale ili zibadilike. Leo unaondoa desimali kwa njia hii, kesho unapata njia bora zaidi. Ukiandika jaribio linaloshikilia kila msumari wa ndani, utakapotaka kuhamisha kabati moja, majaribio 40 yatalia, ilhali kwa mteja hakuna kilichoharibika. Baada ya muda watu huanza kuyazima majaribio yenyewe. Kwa hivyo pima mlangoni: kama anayeingia na 48.1 anatoka na malipo sahihi, ya ndani yasikuhusu.

Kambi ya pili inajibu kwamba mlango mmoja unaweza kuwa na njia 200 nyuma yake. Ukipima mlangoni tu utapita njia tatu au nne ulizozifikiria, na zile nyingine zitapimwa na wateja wako kwa hasara yao. Tena jibu la mwisho likiwa baya, jaribio la nje linakuambia kuna kosa, halikuambii liko wapi.

Mimi nimeishia mahali ambapo waandishi wengi wazoefu huishia. Kama fanksheni ya ndani ni nzito kiasi kwamba unaona lazima uipime peke yake, hiyo ni dalili kwamba haikustahili kufichwa. Itoe nje. Ipe jina linaloeleweka, iandikie maelezo, halafu ipime mchana kweupe kama nyingine zote. Zile ndogo ndogo za kupanga orodha au kusafisha nafasi kwenye majina, ziache ndani, zitapimwa kupitia mlango. Lakini inayoamua mtu alipwe ngapi haiwezi kuwa siri ya jikoni.

Na ukiikuta imeshaandikwa, bila maelezo, na mwenyewe hapatikani? Mmarekani Michael Feathers aliandika kitabu mwaka 2004 kuhusu kufanya kazi na msimbo wa aina hiyo, na ndani yake anaueleza msimbo wa urithi kuwa ni msimbo usio na majaribio, hata kama uliandikwa jana. Njia yake ni ya unyenyekevu. Kabla hujabadilisha kitu, andika majaribio yanayorekodi kile ambacho msimbo unafanya sasa hivi, kiwe sahihi au kibaya. Mpe 18.7, andika alichojibu. Mpe sifuri. Mpe namba hasi. Ukimaliza una picha ya mnyama uliyemkuta, na hapo ndipo unaweza kumuuliza mwenye ng'ombe: hivi ndivyo mlivyokubaliana? Ningefanya hivyo nusu saa tu kwenye ile _punguza, yule mama asingenishika mkono.

Wanaodhani haya ni makosa ya wanagenzi wa mji mdogo wasome kuhusu Knight Capital. Hii ilikuwa kampuni kubwa ya kuuza na kununua hisa Marekani. Ndani ya mfumo wake palibaki fanksheni ya zamani iitwayo Power Peg, ambayo waliacha kuitumia mwaka 2003 lakini hawakuiondoa. Mwaka 2005 walihamisha kipande cha msimbo kilichokuwa kinaizuia isiendelee kuagiza hisa bila kikomo, na hawakuipima tena kama bado inasimama inapotakiwa. Kwani nani anapima kitu kisichotumika? Agosti 1, 2012 wakaweka programu mpya kwenye seva zao nane. Seva moja ikasahaulika. Programu mpya ilitumia tena alama iliyokuwa ya Power Peg, kwa hivyo kwenye ile seva moja mfu akaamka. Kwa takriban dakika 45 aliagiza hisa kama mwendawazimu, na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Haikusimama tena peke yake, mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine.

Hao walipoteza pesa zao. Inakuwa mbaya zaidi fanksheni inapokosea upande wako halafu wote wakaiamini kuliko wewe. Uingereza, wasimamizi zaidi ya 900 wa vituo vya posta walihukumiwa kati ya 1999 na 2015 kwa wizi na ulaghai, wengine wakafungwa, kwa sababu mfumo uitwao Horizon ulionyesha pesa zimepungua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mpigo. Kwa miaka yote hiyo mzee wa watu alikuwa anaambiwa: mfumo ndio umehesabu.

Haya, turudi kwa SHA, maana hapa ndipo somo la fanksheni ya ndani linapotugusa sote.

Kwa mwenye mshahara, hesabu iko mchana kweupe. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ambayo utekelezaji wake ulianza Oktoba 1, 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, inamkata asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Chukua simu yako upime mwenyewe. Mshahara wa Sh20,000 unatoa Sh550. Mshahara wa Sh10,000 ungetoa Sh275, lakini kiwango cha chini kinaingilia, analipa Sh300. Ukitaka kuwa mtundu, tafuta mpaka ambapo Sh300 inaacha kutawala na asilimia inaanza. Ni karibu na Sh10,909. Hivyo ndivyo mtu anavyoandika majaribio. Anatafuta mipaka, kwa sababu makosa hupenda kukaa pale. Mfanyakazi akikatwa vibaya anaweza kuonyesha karatasi na kusema hapa mmekosea.

Kwa mama mboga, mfugaji, mtu wa boda na wewe unayefanya vibarua vya mtandaoni, ile asilimia 2.75 ni hiyo hiyo. Kinachotofautiana ni asilimia ya nini. Hakuna karatasi ya mshahara, kwa hivyo mfumo unakisia mapato yako kutokana na majibu yako. Kila jibu linapewa uzito, uzito unajumlishwa, mapato yanakadiriwa. Wataalamu duniani wanaijua mbinu hii tangu zamani, na wanajua pia kwamba lazima itakosea kwa baadhi ya watu, ikiwaona maskini kuwa wenye nacho na wenye nacho kuwa maskini. Fanksheni ya nje, ile ya asilimia, ni rahisi na iko kwenye sheria. Fanksheni ya ndani, inayokadiria mapato, ndiyo inayoamua karibu kila kitu, na unapojisajili huoni ni uzito gani umewekwa kwenye paa lako.

Tuseme kweli unapata Sh12,000 kwa mwezi na mfumo ukakadiria Sh25,000. Badala ya Sh330 kwa mwezi unaambiwa Sh687.50. Kwa mwaka ni Sh8,250 badala ya Sh3,960, na mtu asiye na mshahara anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Wengi walizoea Sh500 za NHIF kila mwezi. Ukienda kulalamika, utalalamikia nini hasa? Asilimia ni sahihi. Kuzidisha ni sahihi. Jaribio la nje linapita, kama la mtungi wangu wa lita 20.

Kwa watu wa Isiolo kuna kona moja ya kuitazama kwa makini. Hapa mali hutembea kwa miguu minne. Familia huko Merti au Garbatulla inaweza kuezeka mabati mwaka mzuri, ng'ombe wakiwa 40. Halafu ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 ukaja, misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Ng'ombe walikwisha, mabati yakabaki. Fomyula inayosoma paa inasoma utajiri wa mwaka ambao haupo tena. Mtu wa kupima fanksheni ya ndani angeandika jaribio hilo la kwanza kabisa: familia yenye mabati, bila mifugo, watoto sita. Jibu liko wapi? Je, kuna aliyeliandika? Na kama aliliandika, lilitoa ngapi?

Swali la nani wa kuulizwa nalo lina utata wake. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa afya uliogharimu Sh104.8 bilioni haumilikiwi wala kudhibitiwa na serikali. Soma hiyo sentensi tena. Jikoni kwenyewe mwenye hoteli hana funguo.

Wanafunzi wa chuo walishaonja mchezo huu kabla ya wengine. Mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023 uliwapanga kwenye makundi kwa kupima uwezo wa familia, na wengi wakalalamika kwamba wamewekwa kundi lisilo lao. Mtoto wa kibarua alijikuta akidaiwa karo ya mtoto wa mwenye biashara. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na vita vikaendelea Mahakama ya Rufaa. Wakili anaweza kubishana kuhusu Katiba. Lakini yule mwanafunzi alitaka jambo dogo zaidi: nionyesheni ni jibu gani langu lililonisukuma hadi kundi hili.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Ukiweka fomyula wazi, watu watadanganya. Wakijua choo cha shimo kinapunguza malipo, kila mtu atakuwa na choo cha shimo. Sawa, naielewa. Lakini watu wanadanganya hata sasa, kwa kukisia, na anayekisia vizuri ni mjanja wa mjini, si bibi wa Oldonyiro. Tena kuweka majaribio wazi si lazima kuweka kila uzito wazi. Unaweza kuchapisha familia 100 za mfano, majibu yao na kiasi walichopangiwa, tukaona kama vinaingia akilini. Hospitali haitoi siri ya mgonjwa ikisema dawa ilijaribiwa kwa watu wangapi.

Na kama unafikiri uwazi wa namna hii ni ndoto za wanaharakati, mfano uko hapa hapa kaskazini. Ni bima ya mifugo.

Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI pamoja na washirika wake walianza Marsabit bima ambayo haihitaji mtu kuja kuhesabu mizoga. Setelaiti inaangalia ukijani wa ardhi kutoka angani, na ukipungua kupita kiasi, wenye bima wanalipwa. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake wa bima ya mifugo kwa kutumia wazo hilo, ukianzia Turkana na Wajir, kisha ukafika kaunti nane, Isiolo ikiwa mojawapo. Mchumi Mkenya aliyeongoza kazi hiyo ILRI, Dkt Andrew Mude, alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016.

Itazame kama mwandishi wa programu. Fanksheni ya nje ni moja tu: msimu huu bima inalipa au hailipi? Ndani kuna mlolongo. Ya kwanza inapokea picha na kupima mwanga mwekundu na ule mwanga usioonekana kwa macho, kisha inagawanya tofauti yao kwa jumla yao kupata kipimo cha ukijani. Ya pili inashughulikia mawingu, maana setelaiti haioni nyasi kupitia wingu. Ya tatu inatafuta wastani wa eneo zima. Ya nne inajumlisha msimu. Ya tano inalinganisha na miaka iliyopita. Ya mwisho inageuza hayo yote kuwa shilingi.

Kila hatua inaweza kukosea kwa namna yake. Wastani unaweza kuficha bonde lenye nyasi na mlima mkavu ndani ya eneo moja, mwenye ng'ombe mlimani akakosa chake. Halafu kuna mathenge, ule mti wa miiba ambao sote tunaujua kaskazini. Jua liwake namna gani, wenyewe unabaki kijani. Ng'ombe hali majani yake, lakini setelaiti inaona kijani tu, haijui mathenge ni nini. Ukipima mwishoni pekee utajua mfugaji hakulipwa. Hutajua kama ni mawingu, wastani au mathenge.

Sasa sikiliza tofauti. Fomyula ya Marsabit haikufichwa, watafiti waliichapisha kwenye majarida ili wenzao waichokonoe. Mwanzoni ilikuwa na hatua ya ndani iliyokisia vifo: ukijani ukipungua hivi, mifugo asilimia fulani watakufa, na bima ililipa makadirio hayo yakipita asilimia 15. Baadaye hatua hiyo ikatupiliwa mbali. Ilihitaji takwimu nzuri za vifo, ambazo maeneo mengi nje ya Marsabit hayakuwa nazo, na tena ilimlipa mfugaji kwa ng'ombe waliokwisha kufa. Wakaondoa makadirio ya vifo wakapima upungufu wa malisho wenyewe, ili pesa ije mapema mfugaji anunue nyasi kavu na dawa ng'ombe wakiwa bado wamesimama. Bima hiyo bado ina kasoro na wafugaji wengi bado wanailalamikia. Ila wanaoibishia wanajua wanabishia hatua ipi, na hatua mbovu ilipatikana ikabadilishwa.

Wewe sasa ufanye nini? Kama unaandika programu, na najua Isiolo mjini na kwingine vijana wengi mnajifunza, fungua kazi yako usiku huu utafute fanksheni inayogusa pesa, marejeo ya watu au nafasi zao kwenye foleni. Kama iko ndani bila maelezo, itoe. Usianze na mfano mzuri wa lita 20. Anza na 18.7.

Kama huandiki programu, sheria bado imekupa mahali pa kushika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa maafisa siku 21 za kukujibu. Wakikunyamazia, unaenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa kiutawala ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sehemu ya 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na unaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Wachache sana huitumia hiyo ya mwisho. Barua yako isiwe ya kulia kwamba kiasi ni kikubwa. Iulize mambo matatu: mapato yangu mmeyakadiria kuwa ngapi, ni majibu gani yaliyoyapandisha, na hesabu hiyo ilijaribiwa kwa familia za aina gani kabla ya kuletwa kwangu.

Mnaweza pia kufanya ile kazi ya Feathers mkiwa nje. Kikundi cha vijana, kwa hiari na bila kuchukua vitambulisho vya mtu, kinaandika majibu ambayo kila nyumba ilitoa na kiasi ilichopangiwa. Msidanganye mfumo ili kuupima, mtajiletea kesi. Andikeni kilicho kweli tu. Nyumba 50 za Bulla Pesa na 50 za Kinna zikiwekwa kando kwa kando, mtaanza kuona paa lina uzito gani na watoto wana uzito gani, hata kama hakuna aliyewaonyesha fomyula.

Yule mama alirudishiwa pesa zake, na wenzake pia, baada ya siku mbili za kupekua rekodi mtungi kwa mtungi. Fanksheni haiitwi tena _punguza. Inaitwa lita_za_kulipwa, ina maelezo ya mistari minne kwa Kiswahili ambayo mweka hazina wa kikundi aliyasoma akaniambia nirekebishe mstari wa tatu, na jaribio lake la kwanza lina mitungi mitatu: 18.7, 19.6 na 9.8.